Niliandika nyumba yangu inafaa kwa kiti mwendo kwa sababu ina njia ya pikipiki. Wenye nyumba za wageni Tanga, piteni hapa

MchumaNazi

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, nimeuandika kwa siku mbili, mwenye haraka apite. Mods naomba msiupeleke jukwaa la ujenzi, hili ni suala la biashara.

Sisi ni ndugu watatu, marehemu mzee wetu katuachia nyumba Raskazone. Wenzangu wako Dar, mimi ndiye niliyebaki nayo. Tangu mwaka juzi tunaipangisha kwa siku: familia zinazokuja harusini, watu wa wikiendi wanaotaka upepo wa bahari, wazungu wawili watatu wakiwa njiani kwenda Pangani. Kwenye tangazo la mtandaoni kuna mahali pa kuweka alama za vitu nyumba ilivyonavyo. Feni, maji ya moto, jiko la gesi, maegesho. Nikafika palipouliza kama nyumba inafaa kwa mtu wa kiti mwendo. Nikageuka nikatazama mlangoni. Pembeni ya ngazi kuna kale kamteremko ka zege ambako mzee alikuwa anapandishia pikipiki yake usiku isiibwe. Nikaweka alama. Njia si ipo?

Mwezi wa nane akapiga simu mama mmoja wa Morogoro. Wanakuja kwenye harusi ya mpwa wao, mumewe anatumia kiti mwendo tangu ajali ya gari. Mzee mwenyewe akaichukua simu, akaniuliza swali moja tu: "Kijana, mlango wa choo unapitisha kiti?" Nikamjibu bila hata kunyanyuka nilipokaa. "Ondoa shaka mzee, nyumba ya zamani ile, milango mipana yote."

Walishuka stendi ya mabasi ya Kange jioni, wakachukua bajaji, kiti kimekunjwa kimefungwa kamba nyuma. Kamteremko ka pikipiki mzee alikaangalia akasema, "Hii ni ya kushukia kuzimu." Tukambeba, mimi na dereva wa bajaji. Nikakamata mikono ya kiti, akanikemea: "Siyo hapo, hiyo inachomoka. Shika bomba la chini."

Kisha choo. Kiti kikaenda vizuri koridoni, kikakata kona, kikagota kwenye fremu. Akarudi nyuma, akajaribu tena taratibu. Kikagota. Kilichopungua ni upana wa kidole gumba. Hakuna aliyesema kitu. Yule mama akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba chumvi, "Baba, una kiti cha plastiki?" Nikamletea kile cheupe cha uani. Hapo nikajua hii si nyumba ya kwanza kuombwa kiti cha plastiki.

Akamhamishia mumewe humo, akaanza kumvuta kinyumenyume kuingia chooni. Mimi nimesimama sebuleni najifanya naangalia luku (mita ya umeme), nasikia miguu ya plastiki inavyokwaruza marumaru iliyolowa, inakwama kwenye kizingiti, ananyanyua, inakwaruza tena. Siku tatu, asubuhi na jioni. Siku ya harusi alikuwa na kanzu nyeupe imepigwa pasi mpaka inakata, naye anaburuzwa.

Siku ya kuondoka akaniomba futi kamba. Akapima kiti chake, ukingo wa gurudumu hadi ukingo: sentimita 68. Akapima mlango wa choo, uwazi wenyewe siyo fremu: 66. Akaniambia, "Wewe hukunidanganya. Wewe hukupima. Kwangu mimi ni kitu kimoja." Akalipa nusu ya pesa tuliyokubaliana, na mimi nikapokea nusu. Kwenye fremu ilibaki mikwaruzo miwili ya rangi, kulia na kushoto, usawa wa goti.

Nikaamua kurekebisha. Na hapa ndipo nilipopoteza pesa kwa ujuaji, kwa hiyo sikilizeni.

Fundi wa kwanza nilimwambia "nijengee njia ya walemavu". Basi. Sikumpa kipimo. Baraza yangu iko juu sentimita 30, akanijengea njia ya mita moja na nusu, akaipiga niru, ile saruji laini ya juu, mpaka ikang'aa kama sahani. Ilipoloa mvua ya kwanza, dada anayenisaidia usafi aliteleza nayo mpaka chini na ndoo yake. Tukabomoa. Ndipo nikajifunza hesabu inayotumika nchi nyingi: kila sentimita moja ya kupanda, njia iende sentimita 12. Baraza ya sentimita 30 inataka mita 3 na sentimita 60. Nikaizungusha ubavuni mwa nyumba chini ya mkungu, upana mita 1.2, pembeni nimeweka kingo gurudumu lisichomoke, na uso wake safari hii fundi wa pili kauchora kwa fagio saruji ikiwa mbichi. Haipendezi kama niru. Haitelezi.

Mlango wa choo tumebomoa tukaweka fremu mpya, uwazi sasa ni 89, na unafunguka kwa nje. Vishikio viwili ukutani. Kale kaukingo ka saruji ka kuzuia maji ya bafu tumekavunja, sakafu ikalazwa kidogo kuelekea tundu la maji.

Kitanda cha mzee wetu cha mninga kilikuwa kirefu kwenda juu, sentimita 70 na godoro. Mtu wa kiti mwendo anahama kwa kujisukuma pembeni, kitanda kikimpita mno urefu anakuwa anapanda ukuta. Nikakikata miguu mpaka 50. Dada yangu wa Dar hajanisamehe hadi leo, anasema nimemkata baba.

Gharama: mlango na bafu 310,000, njia 420,000 (ukiacha ile niliyobomoa, sitaki kuitaja), vishikio 180,000. Jumla 910,000. Kama kuna mwenye nyumba humu kaweka alama kama niliyoiweka mimi, naomba kabla hajajibu uzi huu achukue futi kamba aende chooni kwake.

Pesa Mbele

Mkuu hongera kwa moyo, lakini tuongee biashara. 910,000 kwa mteja gani? Mtu wa kiti mwendo anakuja mara ngapi Tanga? Mmoja kwa mwaka? Hiyo hela ningefunga AC chumba kimoja na ningeshairudisha.

MchumaNazi

Nilijua utakuja na swali hili, na mimi nililiuliza. Hesabu yako inakosea sehemu moja: huyo mzee hakuja peke yake. Ukoo mzima wa harusi ulikuwa unatafuta pa kulala, watu wa nyumba tatu, na waliokuwa wanachagua nyumba walianzia kwake kwa sababu wengine wote wanaweza kulala popote. Ukimkosa yeye umewakosa wote. Halafu tangu nijenge ile njia, anayeitumia zaidi ni bibi wa magoti, mama mwenye mimba kubwa, na kila mgeni mwenye begi la magurudumu. Ngazi sasa wanakaa paka.

Bahari Shwari

Naongezea kwa @Pesa Mbele. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu bilioni 1.3 wenye ulemavu mkubwa, mtu mmoja kati ya sita. Siyo wote wa kiti mwendo, wengi huwezi hata kuwatambua kwa macho.

Na Airbnb wenyewe, ule mtandao wa kupangisha nyumba, siyo wajinga wa biashara. Mwaka 2017 waliinunua Accomable, kampuni ya Uingereza iliyoanzishwa na Srin Madipalli na Martyn Sibley, wote wawili wanatumia kiti mwendo. Walianza kwa sababu walichoka na yaliyomkuta mzee wa Morogoro: tangazo linasema nyumba inafikika, unafika unakuta ngazi. Siku hizi huwezi kuweka alama tupu, unatakiwa upige picha ya kila kitu unachodai. Mlango wanataka uwazi wa sentimita 81 au zaidi. Mimi nilikataliwa picha ya kwanza kwa sababu nilipiga mlango umefungwa.

Fundi Kipimo

Salaam wakuu. Mimi ni fundi ujenzi, niko Ngamiani, miaka 19 kwenye kazi. Mleta uzi kaeleza vizuri ila nimalizie aliyoyaruka.

Kwanza mlango. Huku kwetu tunaongea futi. Vyumba tunaweka fremu ya futi 3, choo tunaweka futi 2 na nusu kwa kubana nafasi. Futi 2 na nusu ni sentimita 76. Toa unene wa mbao za fremu pande zote mbili, toa unene wa mlango wenyewe ukiwa wazi, unabaki na 66 au pungufu. Hivyo ile 66 yake si bahati mbaya, ndivyo vyoo vingi vya Tanga vilivyo. Mtu anayejenga sasa hivi, mwambie fundi wako aweke futi 3 mpaka chooni. Tofauti ya bei ni ndogo sana wakati wa kujenga. Ukija kubomoa ndiyo unalia. Na ukibomoa usiguse linta (boriti ya juu ya mlango), panua kwa pembeni tu.

Pili nafasi ya kugeuza kiti. Duara la sentimita 150. Choo cha wastani hakina nafasi hiyo, sasa badala ya kuvunja kuta ng'oa sinki lenye kabati chini uweke la kuning'inia ukutani, magoti yapite chini yake. Unapata karibu nusu mita ya bure. Pembeni ya choo cha kukaa acha nafasi upande mmoja, sentimita 90 hivi, kiti kisimame sambamba. Urefu wa choo na kifuniko chake, 45 mpaka 48.

Tatu, na hapa nitagombana na watu: vishikio. Naona watu wananunua kile kishikio cha kutundikia taulo wanakifunga ukutani wanasema ni cha mlemavu. Kishikio kinatakiwa kibebe mtu anayeanguka, kilo mia na zaidi kwa mkupuo. Tofali la siku hizi mchanga mwingi saruji kiduchu, skrubu inatoka nalo. Mimi huwa nachimba kipande kile cha ukuta nakijaza zege, nasubiri wiki, ndiyo nafunga kwa bolti za kutanuka. Halafu bahari. Raskazone chumvi inakula chuma usiku na mchana. Hata stenlesi ziko za aina tofauti, muuza duka akuuzie 316 siyo 304. 304 kwa upepo wa Raskazone inaanza madoa ya kutu mapema tu.

@MchumaNazi za kwako ni ipi?

MchumaNazi

Mgosi, nimeenda kuangalia sasa hivi na tochi ya simu. Kuna madoa.

Fundi Kipimo

Nilijua 😂 180,000 kwa viwili ilikuwa ndogo mno.

Kobe wa Kaole

Nyinyi wa Tanga mna bahati ya kubomoa. Sisi Bagamoyo nyumba ya familia iko Mji Mkongwe, kuta za mawe ya matumbawe unene wa mkono mzima, mlango wa kuchonga wa enzi hizo. Huwezi kuamka na nyundo, lazima upite kwa watu wa Idara ya Mambo ya Kale, na hata ukiruhusiwa nani ana roho ya kuukata mlango ule?

Tulikuwa tumekata tamaa. Uwazi sentimita 55, hata begi kubwa linapita kwa ubavu. Siku moja akaja seremala mzee kutengeneza bawaba, akatuuliza mbona hatufungui mlango. Tukamwambia si uko wazi. Akacheka. Mlango wa mabawa mawili, na ule mti wa katikati, mfaa, umegongomewa kwenye bawa moja, siyo kwenye nyumba. Bawa la pili lilikuwa limekomewa tangu bibi yangu yuko hai, komeo lake limepakwa rangi juu ya rangi mpaka halionekani. Tukalikwangua, tukatia mafuta, tukavuta. Mfaa ukaondoka na bawa lake, ikabaki zaidi ya mita moja ya uwazi. Bure kabisa.

Kilichobaki ni kizingiti, sentimita 18. Tumechonga njia ya mbao ya kuweka na kutoa, tunailaza mgeni akifika, tunaiondoa usiku. Ni fupi kuliko hesabu ya moja kwa 12, kwa hiyo kwenye tangazo tumeandika wazi kwamba mgeni atahitaji mtu wa kumsukuma pale mlangoni. Chumba na bafu la kufikika tumeliweka kwenye banda la uani ambalo ni la juzi tu. Ghorofani hatudai kitu.

Kimya Kingi

Mimi ni kiziwi. Nasoma uzi wote ni milango na milango. Sawa, lakini ngoja nami niseme.

Nililala nyumba moja ya wageni hapo Tanga, sitaitaja. Saa saba usiku giza, feni kimya, joto. Kumbe luku ilikuwa inalia tangu jioni kwamba uniti zinaisha, majirani wote wanaisikia isipokuwa mimi ninayelala pembeni yake. Asubuhi nikakuta simu 11 za mwenye nyumba. Simu za kuongea! Nilishamwandikia wakati wa kuweka nafasi kwamba sisikii. Akaja amekasirika eti anagonga geti nusu saa simfungulii.

Ninachotaka ni kidogo kuliko mlango wa 310,000. Niandikie meseji usinipigie. Weka kengele ya getini yenye taa inayowaka ndani, fundi umeme yeyote anaifunga. Nionyeshe luku iko wapi na ile taa yake nyekundu ina maana gani. Na jioni ukisikia inalia, usidhani nimeisikia.

MchumaNazi

Hili halijawahi kunipitia kichwani hata siku moja. Luku yangu iko nyuma ya mlango wa stoo. Naihesabu kwenye makosa.

Fimbo Nyeupe

Nami nichangie kama mtu asiyeona. Kwanza msameheni programu yangu ya kusomea skrini, inanisomea uzi huu kama mzungu aliyefika wiki hii, "mfaa" nimelisikiliza mara nne.

Picha zenu za matangazo ni kubwa na nzuri, naambiwa. Mimi nasikia "picha, picha, picha". Andikeni maneno chini yake: sebule, viti vinne, meza ya kioo katikati. Hiyo meza ya kioo ndiyo ninayotaka kuijua kabla ugoko wangu haujaijua.

Nikifika, nitembeze mara moja tu. Geti, mtaro uko wapi na una mfuniko au hauna, ngazi ngapi, kitanda, choo, swichi ya maji ya moto. Kwenye jiko la gesi gundisha kitone cha gundi pale kitufe kinapozimika, nakigusa najua. Baada ya hapo ombi langu kubwa: dada wa usafi asihamishe kitu. Nimewahi kuondoka chumbani asubuhi, nikarudi saa sita nikakuta kiti kimehamishwa kwa ukarimu kabisa ili "nipate nafasi". Nilikipata kwa goti. Na mlango uwe wazi kabisa au ufungwe kabisa, ule wa nusu ndio unaopasua paji la uso.

Mama Wawili

Mwanangu wa pili ana ualbino. Sisi hatuhitaji njia wala kishikio, tunahitaji kivuli. Nyumba za ufukweni zina madirisha makubwa na pazia jepesi kama chandarua, jua la saa tano linamkuta mtoto kitandani. Pazia nzito chumba kimoja tu, na baraza yenye kivuli cha kweli siyo mwavuli wa kupeperuka. Tukija huwa tunatoka pwani alfajiri na jioni, mchana tuko ndani, kwa hiyo hiyo baraza ndiyo likizo yetu.

Pesa Mbele

Haya mimi nauliza tena, sheria inasemaje? Isije siku moja wakaja kutufungia.

Bahari Shwari

Ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, inazungumzia majengo yanayotumiwa na umma kufikika. Na Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, ambao ibara ya 30 inataja mpaka sehemu za utalii na burudani. Ila mkuu, ukingoja kufungiwa ndiyo ununue futi kamba basi wewe ni mtu wa ajabu.

Pesa Mbele

Nimeshapima. 64.

Fundi Kipimo

😂😂 Njoo PM.

Mwanamvua wa Korogwe

@MchumaNazi nimeusoma uzi wote mpaka chini. Desemba tunamleta baba, anatumia kiti mwendo, tuko sita. Nyumba ina nafasi? Na baharini anafika? Anataka kuweka miguu majini tu, miaka mingi hajafanya.

MchumaNazi

Nafasi ipo kuanzia tarehe 27 dadangu. Nakuandikia nilivyopima leo asubuhi, siyo ninavyokumbuka. Geti mita 2.8, kutoka geti hadi njia ni kokoto, kiti kinazama kidogo, atahitaji kusukumwa hatua kama 15. Njia mita 3.6. Mlango wa mbele 92. Koridoni 118. Choo 89. Kitanda 50. Vishikio vya sasa vina kutu, Fundi Kipimo anakuja Jumanne kuvibadilisha, picha nitakutumia vikishafungwa.

Baharini hapa kwetu hafiki. Ni ngazi 14 za mawe kisha miamba, hata mzima anashika ukuta. Mapango ya Amboni pia usimpangie, kuna pa kupita kwa kuinama. Kiti chake kina upana gani?

Mwanamvua wa Korogwe

Sijui. Nampigia kaka akipime.